ThinkPad T480 ya mtumba: lipia RAM, acha mkoba

Ukiuliza laptopu kwenye duka la Malindi, vikorokoro ndivyo vinavyotangulia kufika kaunta: mkoba, mausi, plastiki ya kufunika kibodi, programu ya kuzuia virusi ya mwaka mmoja. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo mashine hufanyia kazi, hutajwa mwisho, tena kwa mkato: "Ina nane, boss." Nane hiyo ni kipande kimoja au viwili? Imechomekwa au imelehemewa? Muuzaji hasemi, mnunuzi haulizi, na mwezi haujaisha mashine inaitwa nzito.

Kwa mwanafunzi wa chuo, ofisi ndogo au mwenye nyumba ya wageni anayeweka hesabu na kujibu wateja, ThinkPad T480 ya Lenovo, ile ya "ex-UK" (iliyotumika kwanza Uingereza), ndiyo tunayoipa alama ya juu kati ya laptopu za mtumba. Sharti ni moja: pesa ya vikorokoro ihamie kwenye RAM.

Mashine hii ilitoka 2018. Nyingi zina prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, i5-8250U au i5-8350U, na Windows 11 inazikubali. Hilo si jambo dogo, maana Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Prosesa isomwe kwenye skrini, si kwenye kibandiko cha dukani.

Jina nalo lisomwe herufi kwa herufi. T480 ina sloti mbili za kuchomekea RAM, na hakuna RAM iliyolehemewa. T480s, ile nyembamba, sehemu ya RAM yake imelehemewa kwenye madabodi (bodi kuu ya mashine) na sloti iliyobaki ni moja tu. Herufi moja hiyo ndogo imewaponza wengi. ThinkPad X1 Carbon haina sloti kabisa, wala MacBook Air. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachokaa nacho hadi mashine ife.

Kuna njia ya kuhakikisha bila kufungua skrubu hata moja. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia "Performance", kisha "Memory". Chini upande wa kulia utaona "Slots used". Ikiandika "1 of 2", sloti moja iko tupu. Tazama pia "Form factor": "SODIMM" ni kipande cha kuchomeka, "Row of chips" ni chipu zilizolehemewa. Usilipe kabla hujauona ukurasa huo.

Sasa RAM yenyewe. T480 inatumia DDR4 (kizazi cha nne cha RAM hizi) ya laptopu, yenye pini 260 na volti 1.2. DDR3L ina pini 204 na DDR5 ina 262, na pengo lililokatwa kati ya meno yake halikai mahali pamoja, kwa hiyo hazikubali kuingia. Fundi akianza kuisukuma kwa nguvu, mzuie, maana hapo si nguvu inayokosekana. Kwenye kibandiko cha kipande tafuta maandishi kama "8GB 1Rx8 PC4-2400T-S" au "PC4-3200AA-S". PC4 ni DDR4, namba inayofuata ni kasi, na S ya mwisho inaonyesha ni ya laptopu. Prosesa za T480 haziendi zaidi ya 2400, hivyo kipande cha 3200 kitafanya kazi, ila kitashuka hadi 2400. Usiongezewe bei kwa ajili ya kasi ambayo mashine haiwezi kuitumia.

Ukubwa je? Windows 11 inakubali kuwaka kwa 4GB, lakini kuwaka si kufanya kazi. 8GB inatosha kuandika barua na kuvinjari kwa nidhamu. Tunapendekeza 16GB, tena iwe 8 na 8, si kipande kimoja cha 16. Vipande viwili vinavyolingana hupitisha data kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na kwenye mashine hii faida yake huonekana kwa macho kwa sababu grafiki za Intel hazina RAM yao. Zinaazima hiyo hiyo. Kikao cha video kikiwa wazi pamoja na jedwali kubwa, tofauti utaiona. Vipande visivyolingana, kama 8 na 4, vinafanya kazi, ila zile 4 za ziada zinapita njia moja. Lenovo yenyewe inataja kikomo cha 32GB, na kwa matumizi ya kawaida hakuna sababu ya kufika huko.

Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda kila mahali, kwa kuwa viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya data vya akili unde. Ndiyo maana mafundi wengi wanauza vipande vilivyotolewa kwenye mashine nyingine. Si vibaya, RAM haichakai kama betri. Ila pwani ina chumvi yake. Kagua meno ya dhahabu: yakiwa na madoa ya kijani au weusi, kirudishe. Na ukimwona fundi akiyasugua kwa raba ya penseli, mwambie atumie spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme na kitambaa kisichotoa nyuzi. Raba inakwangua dhahabu, ambayo ni nyembamba sana, na vumbi lake hubaki ndani ya sloti.

Kufunga ni kazi ya dakika kumi. Washa mashine huku ukibonyeza F1, ingia "Config", halafu "Power", chagua "Disable Built-in Battery". Hatua hii mafundi wengi huiruka, ilhali T480 ina betri ya pili iliyojificha ndani. Kuchomoa ile ya nyuma peke yake hakukati umeme. Toa chaja, toa betri ya nyuma, legeza skrubu sita za mfuniko wa chini (hazitoki kabisa, usizing'oe), kisha fungua kingo taratibu kwa kadi ya plastiki, kuanzia upande wa bawaba. Kipande kiingie kikiwa kimeinama hadi meno yakaribie kupotea ndani ya sloti, ndipo ukibonyeze chini. Vishikio vya chuma vya pande zote mbili lazima vilie, ta! Upande mmoja ukikaa kimya, hakijaingia.

Utakapochomeka chaja na kuwasha, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa muda mashine ikiipima RAM mpya. Subiri dakika moja kabla ya kuanza kumlaumu mtu. Ikibaki nyeusi, jaribu kipande kimoja kwa zamu katika kila sloti. Ukivibadilisha utajua tatizo ni kipande au ni sloti. Ikiwaka, andika "mdsched" kwenye sehemu ya kutafutia na uache kipimo cha RAM kimalizike ukiwa hapo hapo dukani. Ni muda wa vikombe viwili vya kahawa chungu.

Kuhusu diski, jihadhari na neno "memori", maana dukani linabeba vitu viwili: 8 za RAM na 256 za SSD, diski ya chipu ya kuhifadhia mafaili. Hakikisha ni SSD, si hadidiski ya kuzunguka. 256GB inatosha kuanzia. Flashi au SSD ya nje ya 16TB kwa bei ya chakula cha mchana ni uongo mtupu: inaonyesha nafasi isiyokuwepo, kisha inafuta ulichoweka.

Dosari za T480 ziko kwenye umeme. Matundu mawili ya USB-C ndiyo ya kuchaji, na yote mawili yamelehemewa kwenye madabodi, hivyo waya ukivutwa kwa mguu hasara ni ya bodi. Isitoshe, ThinkPad za miaka hiyo zilikuwa na kasoro ya programu ya ndani ya Thunderbolt (teknolojia ya kasi iliyo kwenye tundu mojawapo la USB-C) ambayo Lenovo ilitoa marekebisho yake. Isiporekebishwa, tundu linaweza kufa. Chomeka chaja kwenye kila tundu mbele ya muuzaji, halafu ukifika nyumbani fanya masasisho yote. Betri nazo zipime: fungua dirisha la amri, andika "powercfg /batteryreport", linganisha "Design capacity" na "Full charge capacity". Ikiwa imebaki nusu, bei nayo ishuke.

Vikorokoro vinavyostahili pesa ni viwili. Cha kwanza ni chaja ya wati 65 yenye maandishi ya 20V 3.25A; chaja nyepesi kama kiberiti iache huko huko. Cha pili ni kilinda-umeme cha aina ya "TV guard". Stima ikipotea laptopu haijali, ina betri. Balaa ni inaporudi kwa kishindo, na ekstensheni ya kawaida haizuii kitu.

Plastiki ya kibodi inafunika joto na jasho pamoja, sahau. Feni ya kuwekea chini haisaidii ikiwa feni ya ndani imejaa vumbi na mchanga, isafishwe kwanza. Programu ya virusi ya kulipia? Windows inayo ya kwake, inatosha.

Anayenunua Malindi na kuvuka Lamu amalize majaribio yote kabla ya kupanda basi la Mokowe, kwa sababu kurudisha kipande kimoja cha RAM kutamgharimu boti, basi na siku nzima ya kazi. Na kile kipande cha 4GB kilichotolewa ili cha 8 kiingie ni mali ya mnunuzi: adai apewe, au thamani yake ipunguzwe kwenye bei kabla hajatuma M-Pesa.