Nyuma mapana au yote manne sawa? Mwongozo wa kununua rimu na matairi ya gari la spoti, tukianza na Mark X

Mtu akishanunua Toyota Mark X, kitu cha kwanza anachobadilisha ni rimu. Anaingia dukani, anakuta seti imepangwa ukutani: mbili za mbele 8J (upana wa inchi 8), mbili za nyuma 9.5J zilizozama ndani kama bakuli. Muuzaji anamwambia, "Kaka, hizi zikikaa, gari linachuchumaa nyuma, utalipenda mwenyewe." Na kweli linapendeza, hilo sibishi hata kidogo. Ninachotaka kukueleza ni yale yanayofuata baada ya kulipa. Nimeendesha Mark X moja, GRX130 ya injini ya 2.5, kwa mipango yote miwili. Mmoja ulinitia hasara ambayo ningeiepuka kama mtu angenikalisha chini kwa nusu saa tu.

Hapa nitaita mpango wa kwanza "nne sawa": rimu nne za upana mmoja na matairi manne ya saizi moja. Wa pili nitauita "nyuma mapana": mbele rimu na tairi jembamba kidogo, nyuma pana zaidi. Mark X ya kawaida ilitoka kiwandani na nne sawa. Toleo la S la GRX130 linavaa 235/45R18 pande zote (upana milimita 235, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 18), na hata 350S, yenye nguvu farasi 318, imeachwa na 235 mbele na nyuma. Ya kwangu ina 203. Hilo tu lilitosha kunifanya nijiulize tairi la 265 linakuja kusaidia nini.

Viwanda vinavyoweka nyuma mapana vina sababu zake. Gari lenye nguvu nyingi linalosukumwa na matairi ya nyuma huhitaji mpira mwingi nyuma ili lisizungushe tairi bure unapokanyaga mafuta. Sababu ya pili haisemwi sana madukani. Nyuma ikishika kuliko mbele, kwenye kona kali pua ndiyo inayoanza kuteleza, siyo mkia. Pua ikiteleza, dereva wa kawaida anaachia mafuta na gari linarudi njiani. Mkia ukitoka, wengi wetu tunaishia mtaroni. Kwa hiyo mpango ule ni wa usalama kwa gari lililotengenezwa na kupimwa hivyo. Ukiuhamishia kwenye gari ambalo lilikuwa limesawazishwa kwa nne sawa, unachopata ni pua inayogoma kuingia kona. Mimi niliisikia wiki ile ile niliyofunga matairi mapana. Sasa nizipange chaguo zote kwa nafasi, kuanzia iliyo bora.

Nafasi ya kwanza: nne sawa, inchi 18, 235/45R18 juu ya rimu ya 8J

Kwa mwenye Mark X, Crown Athlete au gari lolote la aina hiyo linaloishi mjini, hapa ndipo pesa yako iende. Sababu kubwa ni kuzungusha matairi. Gari la kusukuma nyuma hula matairi ya nyuma haraka. Ukiwa na nne sawa, kila kilomita 8,000 hadi 10,000 unayahamisha: ya nyuma yanakuja mbele moja kwa moja, ya mbele yanakwenda nyuma kwa kupishana, la kulia linakwenda kushoto na la kushoto kulia. Yote manne yanaisha pamoja, na unanunua seti mara moja. Ila angalia ubavuni. Ukiona mshale, tairi hilo linazunguka upande mmoja tu, kwa hiyo utalitoa nyuma kuja mbele upande ule ule bila kupishana.

Ukiwa na nyuma mapana huwezi kufanya lolote kati ya hayo. La nyuma litabaki nyuma mpaka life.

Jambo la pili ni spea. Nilipasua tairi la nyuma kati ya Chalinze na Morogoro, saa tatu usiku, kwa shimo ambalo taa hazikuliona. Lilichanika ubavuni, na pancha ya ubavu haizibiki. Kwenye buti nilikuwa na spea nyembamba ya dharura iliyokuja na gari. Nikaifunga nyuma, upande mmoja 265, upande wa pili kitu chembamba kama tairi la bajaji, nikatambaa hadi Morogoro mjini nikihofia difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili ya nyuma), kwa sababu tairi moja dogo kwenye ekseli inayosukuma hulazimisha difu kufanya kazi muda wote hata kwenye njia iliyonyooka. Asubuhi nilizunguka maduka sita kutafuta 265/40R18. Halikuwepo. Saizi ya mbele, 235/45R18, niliiona katika maduka matatu. Nililala Morogoro siku mbili nikisubiri tairi lipandishwe basi kutoka Dar.

Leo ningekuwa na spea kamili ya 235 ningeifunga popote, mbele au nyuma, kulia au kushoto, na kuendelea na safari. Ndiyo maana namshauri kila anayeniuliza atafute rimu ya tano inayofanana. Pima kwanza kisima cha spea kwenye buti, maana tairi kamili la inchi 18 halikai kila mahali. Lisipoenea, utalilaza juu ya zulia la buti unaposafiri mbali.

Nafasi ya pili: nne sawa, inchi 17

Kama wewe ni mtu wa Dodoma, Iringa na Mbeya kila mwezi, basi hii ndiyo ya kwanza kwako. Tairi la 235/50R17 lina kipenyo cha milimita 667, na la 235/45R18 lina 669, kwa hiyo spidomita haitasumbuka. Tofauti iko kwenye ubavu: la 17 lina karibu milimita 12 zaidi za mpira kati ya lami na rimu. Milimita 12 ni kitu kidogo ukikisoma, ila yale matuta ya hifadhi ya Mikumi na mashimo ya masika hukuonyesha kazi yake. Rimu inapona. 235/50 ikiadimika, 225/50R17 inafaa pia. Ni ndogo kwa milimita 12 za kipenyo, kiasi cha asilimia 1.8, na spidomita itasoma juu kidogo ya mwendo wako halisi. Mwenye 350S apime kwanza, maana breki zake ni kubwa. Aijaribishe rimu ya 17 kwenye habu na kuizungusha kwa mkono kabla ya kulipa.

Nafasi ya tatu: nyuma mapana yaliyotoka kiwandani

Kama gari lako limezaliwa hivyo, usiogope. BMW ya E90 yenye rimu za inchi 18 za spoti inavaa 225/40R18 mbele na 255/35R18 nyuma, sawa na Mercedes ya W204 yenye vifaa vya AMG. Piga hesabu uone ustadi wake: la mbele lina kipenyo cha milimita 637, la nyuma 636. Upana umeongezeka, kimo kimebaki pale pale. Lexus IS250 imekwenda njia nyingine, 225/40R18 mbele na 255/40R18 nyuma, tofauti ya milimita 24, na kompyuta yake ya breki imepangwa kwa tofauti hiyo. Hiyo usiiige kwenye gari lingine.

Kwa magari haya fuata kibandiko cha mlangoni, pamoja na upepo, ambao mara nyingi haulingani mbele na nyuma. Vijana wa kujaza upepo wamezoea kuweka namba moja pande zote nne. Simama pale pale uwaambie. Jua pia kwamba utanunua matairi ya nyuma mara mbili wakati ya mbele bado yana kashata, yaani meno ya tairi. Ukichoka na gharama hiyo, E90 inakubali 225/45R17 pande zote nne, saizi ya kiwanda hicho hicho, na bado linakwenda vizuri sana.

Nafasi ya nne: nyuma mapana ya kujitengenezea

Hii ndiyo niliyoifanya mimi: 235/45R18 mbele, 265/40R18 nyuma. Kwa hesabu ya kipenyo nilikuwa salama, zote mbili ni milimita 669. Sikuhesabu upande. Tuseme rimu yako ni 8J yenye ofseti ya 45, ile namba inayoandikwa ET: umbali wa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapogusa habu. Unaleta 9.5J yenye ET38. Upana umeongezeka milimita 38, nusu inakwenda nje na nusu ndani, yaani 19 kila upande. Ofseti imepungua 7, nazo zinasukuma rimu nje. Jumla rimu inatoka nje milimita 26 na kuingia ndani 12. Milimita 26 ni zaidi ya upana wa kidole gumba. Ukipakia abiria watatu nyuma na kuvuka tuta, fenda inakutana na tairi, na unausikia ule mkwaruzo mfupi unaokuuma mwenyewe.

Fundi akaniambia tushushe springi kidogo na kulaza tairi ndani, juu yake ielekee ndani ya gari, ili likwepe fenda. Tukafanya hivyo. Kwa macho, matairi yalionekana mapya miezi yote. Siku moja nilikuwa nimelala chini kutafuta mlio wa bushi, nikapitisha kidole upande wa ndani wa tairi la nyuma. Kidole kikachomwa. Nikawasha tochi ya simu: nusu ya nje ilikuwa na kashata nzuri kabisa, na ukingo wa ndani ulikuwa kipara hadi nyaya zimechomoza. Tairi lilikuwa limekwenda kilomita 14,000 tu. Mke wangu na watoto walikuwa wamepanda gari hilo kwenda Tanga wiki iliyotangulia. Sijalisahau jambo hilo.

Kama bado moyo wako uko huko, basi usizidishe. Chukua 9J badala ya 9.5J, tairi 255/40R18 (milimita 661 za kipenyo), epuka spesa (bamba la kusogeza rimu nje), na piga alaimenti siku ile ile. Usikubali kuvutiwa tairi jembamba juu ya rimu pana. Mdomo wa rimu unabaki wazi na shimo la kwanza litaukunja. Na kila mwezi lala chini, pitisha mkono upande wa ndani.

Isiyostahili nafasi: saizi mbili kwenye gari linalosukuma magurudumu yote manne

Wenye Subaru Impreza na Legacy, na wenye Mark X ya Four, ile inayosukuma magurudumu yote, nawaomba mnisikilize. Magari haya yanagawa nguvu mbele na nyuma, na vifaa vya kugawa huchukulia kwamba matairi yote yanazunguka sawa. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzingo wa matairi isizidi robo inchi, kama milimita 6. Tairi likiisha milimita 1 tu ya kashata, mzingo wake unapungua milimita 6. Kwa hiyo hata kununua matairi mawili mapya na kuacha mawili yaliyochakaa ni hatari kwa geaboksi, sembuse saizi mbili tofauti. Yapo magari ya aina hii yenye nyuma mapana, kama Nissan GT-R ya R35 yenye 255/40R20 mbele na 285/35R20 nyuma, ila mfumo mzima ulitengenezwa kwa ajili ya saizi hizo.

Ukifika dukani

Mark X inatumia nati tano kwenye duara la milimita 114.3, inaandikwa 5x114.3, na tundu la katikati ni milimita 60.1. Rimu nyingi za kuuzwa zina tundu kubwa zaidi ili ziingie magari mengi. Dai pete za kuziba hiyo nafasi, la sivyo usukani utatetemeka ukifika kilomita 90 hata ukipiga balansi mara kumi. Rimu ya BMW E90 ni 5x120 na ya Mercedes W204 ni 5x112. Mtu akikwambia "inaingia tu kwa kulazimisha", ondoka.

Tazama nyuma ya rimu kama kuna alama za JWL na VIA. Ni alama za viwango vya Japani. Kisha ipandishwe kwenye mashine ya balansi bila tairi, izungushwe, utazame ukingo wa ndani. Ikicheza, imekunjika. Mstari wa kuchomelea unaonekana kwa tochi hata ukiwa umepakwa rangi. Rimu iliyochomelewa isifungwe kwenye gari lako. Kwenye tairi soma namba nne za mwisho za DOT, ule msimbo wa ubavuni: 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi la mtumba lenye kashata nene lakini lina miaka minane limekauka. Likunje kwa vidole ubavuni uone nyufa. Soma na namba ya uzito ambao tairi linabeba, inayofuata saizi: 94 ni kilo 670 kwa tairi moja, 91 ni kilo 615. Usishuke chini ya namba ya kiwanda.

Kabla ya kutoa pesa, piga simu maduka mawili au matatu ya matairi nje ya mji wako, uliza kama wana saizi unayotaka kununua. Ukijibiwa "hiyo mpaka tuagize", unajua utakachokutana nacho usiku barabarani.

Nati zikazwe kwa spana ya kipimo, 103 Nm kwa Toyota hizi, wala siyo kwa kurukia spana kwa mguu. Ukishatembea kilomita 100, rudi zikazwe tena.