Vidonge vya damu vya famasi, vile vyekundu vya bei chee: maoni yangu

Kila siku naona watu wanaulizana virutubisho gani vizuri vya kuongeza damu na majibu ni yale yale, "njoo inboksi mpendwa". Sasa ngoja mimi niwaongelee vidonge ambavyo hamna mtu anavipigia debe, vile vya madini ya chuma na foliki asidi vinavyouzwa famasi yoyote ile, vyangu mimi ni vyekundu vinang'aa kama pipi, na dozi ya mwezi mzima hapa Dar haikufika hata elfu tano.

Damu yangu ilishuka jamani. Kizunguzungu, ngazi za ghorofa ya pili tu moyo unapiga kama nimetoka mbio, kucha zinakatika hovyo, alafu hamu ya pemba sasa, yaani ule udongo nilikua nautafuna mpaka ofisini nimeuficha kwenye droo. Kumbe hiyo hamu yenyewe mara nyingi ni dalili ya kupungukiwa chuma, na udongo nao ukiingia tumboni unazuia kile chuma kidogo unachokula kisifyonzwe, kwahiyo unazidi kujimaliza. Nikapima HB, yaani wingi wa damu, ikasoma 9.1, na kwa mwanamke asiye mjamzito ikiwa chini ya 12 tayari ni upungufu wa damu.

Jirani yangu akasikia, hata jioni haijafika kaja na chupa ya vidonge. Ni mtu wa zile biashara za kuunganishana, kampuni siitaji. "Shoga yangu, hii ukinywa wiki mbili tu utakuja kunishukuru," na hapo hapo ananiambia inatibu na presha, na sukari, na mirija ya uzazi kama imeziba. Laki na ishirini! Mimi nikaomba tu niisome kwanza, maandishi madogo hayo ikabidi nipige picha na simu ndo nivute niyaone vizuri. Majani ya kila aina yameorodheshwa, ukija kwenye chuma imeandikwa miligramu 4 kwa kidonge. Nne! Nikamwambia asante dada, ngoja mshahara utoke (hata leo haujatoka).

Famasi niliyoenda ni ya mtaani tu ila yule dada pale dirishani nampa heshima yake, kabla hajanipa kitu akaniuliza "Dada ulishapima wingi wa damu? Na daktari kasema inapotelea wapi?" Maana chuma hakizibi tundu, kama una minyoo au malaria za kujirudia au hedhi nzito kama mimi utameza mpaka uchoke kama chanzo hakijatibiwa. Alafu akanifundisha kitu ambacho ndo sababu kubwa ya mimi kuandika hapa, kwamba usisome tu ile namba kubwa ya mbele ya boksi. Kidonge cha ferasi salfeti (aina mojawapo ya chuma) cha miligramu 200 chuma chenyewe halisi ndani ni kama 65, na ile aina nyingine ya ferasi glukoneti hata ikiandikwa 300 chuma chake ni kama 35 tu. Sasa piga hesabu na ile chupa ya jirani, ili nifikie kidonge kimoja cha famasi ningemeza vya kwake kama kumi na sita.

Matokeo: baada ya mwezi na kidogo HB ikawa 11, pemba wala siikumbuki. Daktari akaniambia nisiache hata ikifika 12, niendelee kama miezi mitatu mbele ili akiba ya mwili nayo ijae, maana wengi tunaacha tukishajisikia vizuri alafu mwaka haujaisha tunarudi pale pale.

Kasoro zipo na sio ndogo. Choo kinakuwa cheusi tii, usiogope, ila kama kimekuwa cheusi na kinanata kama lami hiyo nenda hospitali. Kufunga choo, uwiii, papai ilikua chakula changu cha jioni. Na ukimeza tumbo tupu kichefuchefu kinakuja, japo ndo kinafyonzwa vizuri zaidi hivyo. Mimi nilivyolalamika daktari akanibadilishia nikawa nameza siku moja naruka moja, akasema ukimeza leo mwili wenyewe unapunguza kufyonza kesho yake, kwahiyo kuruka sio hasara. Nilipata nafuu kubwa sana hapo.

Chai ndo msala. Chai ya rangi, ya maziwa, kahawa, zote zinazuia chuma, acha yapite masaa mawili hivi. Maziwa na dawa za kiungulia nazo hivo hivo. Mezea na maji ya ndimu au juisi ya chungwa, vitamini C inakisaidia kuingia. Yale maji ya matembele kunyweni tu kama mnayapenda, mimi pia nakunywa nikikamulia ndimu yanakua ya pinki mazuri, ila kwa HB ya 9 peke yake hayatoshi.

Wajawazito msinunue, kliniki za serikali wanatoa FEFO (vidonge vya chuma na foliki asidi) bure, ulizeni. Mwenye selimundu asiguse bila daktari wake, hasa kama anaongezewa damu mara kwa mara, chuma kinaweza kurundikana mwilini. Na wenye watoto FUNGIENI kabatini, vinafanana na pipi na mtoto akibugia vingi vinaua.

Sirapu nilijaribu pia kidogo, ladha ya msumari na inachafua meno, kama lazima tumia mrija.

Vidonge nyota nne, ya tano imeondoka na choo. Yule dada wa famasi tano. Sirapu mbili.