Mlango wa Gari, Vitabu, Maji na Mchanga: Kipi Kinazuia Risasi?

Karibuni tena watazamaji. Leo mezani ninazo risasi nne, zinazoitwa kwa upana wa kichwa chake: .22 (sehemu ya inchi), 9mm ya bastola, na mbili za bunduki ndefu, 5.56 na 7.62 ya AK (milimita). Ukimwuliza mtu ni ipi kali kati ya 9mm na 5.56, wengi watachagua 9mm kwa sababu imenenepa. Wamekosea. Kichwa cha 5.56, yaani ile sehemu inayoruka, kina gramu 4 hivi, nusu tu ya kile cha 9mm, lakini kinatoka mtutuni kwa zaidi ya mita 900 kwa sekunde. 9mm inatambaa kwa mita 360 hivi. Kasi ikiongezeka maradufu, nishati inazidi mara nne, ndiyo maana 9mm inabeba jouli 500 hivi na 5.56 inapita 1,700.

Tuanze na mlango wa gari, kinga ya kila polisi wa sinema. Sogea na kamera hapa uone unene wa bati lenyewe. Ndani ni mota ya kioo, vyuma viwili vitatu, na hewa. 9mm imepita. Angalieni tundu la kutokea lilivyochanua kama ua. Zile mbili za bunduki ndefu ndizo hata hazikujua kuna mlango. Ukijificha nyuma ya gari, jifiche upande wa injini.

Vitabu sasa. Kimoja kinene hakitoshi. Nilipofunga vinene kadhaa pamoja, 9mm ilibaki ndani, karatasi zimejisokota kuizunguka. AK ilitoboa bunda zima. Na tafadhali, hili si la mchezo: mwaka 2017 huko Minnesota, Marekani, kijana alikufa akirekodi video, ameshika kitabu kinene kifuani akidhani kitazuia bastola ya kaliba .50. Sisi tuko kwenye uwanja wa shabaha, nyuma kuna tuta la udongo, na hakuna mtu mbele ya mtutu.

Haya, maji, jaribio ninalolipenda kuliko yote. Madumu yamepangwa mstari mmoja. 9mm imeingia taratibu, ikatoboa dumu baada ya dumu, na kichwa tumekiokota karibu kizima. 5.56 imelipasua dumu la kwanza vipande vipande, halafu ikaishia hapo jirani. Tulichokipata ni hivi vichembe vya shaba na vya madini ya risasi kwenye kiganja changu. Iliyo na nguvu zaidi imekwenda karibu zaidi! Maji hayabanwi, kwa hiyo kichwa chembamba kikiyagonga kwa kasi ile kinayumba, kinalala ubavu, kinavunjika. Kile kizito cha polepole kinajipenyeza tu.

Tofali moja? Limesimamisha 9mm, likapata ufa. AK imelibomoa, basi tusipoteze muda.

Mchanga ndio mshindi wangu, na sioni wa kuukaribia. Mfuko uliojaa, tumeupiga kwa kupitia urefu wake, na zote nne zimebaki ndani. Chembe zinasuguana, kila moja inaisukuma jirani yake, nishati inatawanyika na kuwa joto. Kasoro yake iko hapa chini kwenye tundu: unaona unavyomwagika? Ukipigwa mara nyingi palepale, mfuko unanywea, na risasi inayofuata inakuta mchanga pungufu. Kwa hiyo panga mifuko safu mbili, viungo visikutane, na uijaze tena kila inapopungua.