Papeti ya kiboko kwa mabaki ya sponji ya sofa: nimeitumia miezi minne, sikizeni

Mambo watu wangu, karibuni tena, leo niko nyumbani Nyalenda hapa Kisumu, mkisikia mvua kwa mabati mnivumilie tu kwa sababu hii video nimeahidi tangu Agosti na leo lazima itoke.

Huyu hapa anaitwa Rao. Rao ni kiboko kwa Dholuo, na jina walimpa watoto wa sande skuli, nilimwinua tu juu ya meza wakaanza kuitana "rao! rao!" na basi, jina likakaa. Ni papeti ya mkono ya sponji, yaani mwanasesere unayemvaa mkononi umfanye aongee, nimemtumia kila Jumapili kwa miezi minne, anaimba, anauliza maswali, anavutwa masikio, kwa hivyo ninachowaambia leo nimekiona kikifanya kazi.

Tuanze na sponji maana hapo ndipo mnaniuliza sana. Usinunue godoro ukate. Enda kwa fundi wa sofa, hapa kwetu wako wengi upande wa soko la Kibuye, mwambie unataka mabaki, mimi gunia dogo nilitoa mia mbili. Lakini usibebe tu, chagua. Unataka ya unene wa nusu inchi hivi, ikamue kwa ngumi halafu uachilie, ikiruka irudi vile ilikuwa hiyo ni yako, ikibaki imekunjamana ama ikikuachia unga wa njano kwa vidole hiyo imezeeka wachana nayo hata akupee bure. Na jua ndilo linaila, sponji ikikaa kwa jua inageuka njano halafu inaanza kumeguka, ndio maana Rao analala ndani ya mfuko kwa kabati, hakai dirishani.

Kukata tumia wembe mpya, si mkasi. Mkasi unaminya sponji kabla ikatike, so ukingo unatoka umelala, na ukingo ukilala mishono haikutani. Umbo la kichwa ni rahisi kuliko inavyoonekana, ni kipande bapa tu, kando unakitoa herufi V kadhaa, halafu ukileta pande mbili za kila V zikutane sponji inajikunja yenyewe inakuwa mviringo, ni vile fundi cherehani anabana kiuno cha rinda.

Sasa gundi, na hapa naomba mnisikize vizuri kwa sababu hapa ndipo nilipoteza wiki mbili. Supaglu usiguse, ikikauka inakuwa kama kucha, ukikunja inapasuka na inachoma mkono wako huko ndani. Ile gundi nyeupe ya shule, sponji inainywa yote, kesho yake bado kuna majimaji. Gundi ya moto ya bunduki inashika haraka sawa, lakini inaacha uvimbe mgumu kwa mshono na juu ya kitambaa utauona. Iliyonifaa ni ile gundi ya fundi viatu, ya njano, ya mkebe. Na iko na masharti yake, unapaka pande zote mbili, paka nyembamba, halafu ungoje, dakika kumi, kumi na tano, mpaka ukigusa na kidole haikufuati, hapo ndio unakutanisha, na ukikutanisha umemaliza, hakuna kurudi nyuma. Watu wanaona haishiki kwa sababu wanabandika ikiwa bado mbichi. Ona hapa, naleta karibu na kamera, huu mshono wa shavu, navuta... navuta kwa nguvu... sponji ndiyo inanyooka, mshono umetulia. Lakini fanyia nje, tafadhali, ama milango yote iwe wazi na watoto wawe mbali, ile harufu si mchezo, inapanda kichwani.

Halafu mdomo. Mimi naona papeti ni mdomo, hayo mengine yote ni nguo. Wa kwanza niliutengeneza na kadibodi, ukakaa Jumapili mbili, ya tatu katikati ya wimbo jasho la mkono likailainisha ikajikunja na Rao akawa anafunga nusu tu, watoto waliona wakaacha kuimba. Nikakata upya kutoka kwa ubavu wa mtungi wa plastiki, vipande viwili, juu na chini, nikaunganisha kwa kitambaa kizito pale nyuma pa kukunjia, mpaka leo. Hiyo sehemu ya kukunjia ikae pale kidole gumba kinapokutana na vingine, ikiwa mbele zaidi vidole vinachoka. Na ukimfanya aongee shusha kidole gumba, usipandishe vidole vya juu, vikipanda kichwa chote kinaruka nyuma na macho yanatazama paa.

Kitambaa ni blanketi la flisi la mitumba, Kibuye Jumapili, rangi ya kijivu, flisi inanyooka na manyoya yake yanaficha mshono. Na mtu asikuambie mitumba si ya kazi kubwa, Jim Henson, yule mtengenezaji papeti wa Marekani, mwaka 1955 alimshona Kermit wa kwanza, papeti yake maarufu, kwa koti kuukuu la mamake, macho akayatoa kwa mpira wa tebo tenisi aliokata katikati. Mimi pia macho ni mpira wa tebo tenisi. Vile viini vyeusi usiviweke katikati kabisa, visogeze kidogo upande wa pua, hapo anaonekana anamtazama mtu. Nilivisogeza kama nusu sentimita tu, msichana mmoja wa mstari wa mbele akajificha nyuma ya dadake akisema ananiangalia mimi.

Pesa yote haikufika elfu moja, sponji, gundi, blanketi na uzi. Kitu ningebadilisha ni shingo, niliiacha fupi, mkono wangu unaonekana nikimwinua juu sana, ya pili nitaongeza mkono wa nguo mpaka kwa kiwiko.

Lakini mdomo siugusi. Jumapili iliyopita kijana wa miaka minne alikuja na nusu ya ndizi yake akaisukuma ndani, nikafunga, Rao akaishika haikuanguka, na yule mtoto akarudi kukaa chini ameridhika kabisa. Doa bado liko, hapa chini ya ulimi, mnaliona?