TAHADHARI: Aliniuzia waifai ya nyumba nzima, funguo akabaki nazo yeye

Wadau, habari za saa hizi. Nimekaa na jambo hili wiki tatu nikisubiri hela yangu irudi. Haijarudi, na jana jirani yangu wa mtaa wa pili kaniambia naye kaagiza mzigo kwa kijana huyohuyo aliyeniuzia vifaa vya waifai. Basi naandika. Jina la duka siliweki kwa sababu suala liko polisi, na hata ningeliweka lisingewasaidia, maana ukurasa wake wa Instagram umeshabadilishwa jina mara mbili. Nawaeleza tu anavyofanya. Ukikutana naye utamjua.

Tunakaa Tabata, nyumba ya vyumba vitatu na banda la uani analolala mama mkwe. Ruta yetu, kile kiboksi kinachotoa waifai, ilikuwa ileile tuliyoletewa siku ya kuunganishwa intaneti, inaelekea miaka minane, hakuna aliyewahi kuigusa zaidi ya kuipangusa vumbi. Mwezi wa sita simu za watoto zikaanza vituko. Unafungua tovuti ya kawaida, unajikuta kwenye kurasa za kubeti na za "hongera umeshinda simu". Ukitumia bando la laini yako hakuna tatizo, ukirudi kwenye waifai ya nyumbani ni yaleyale.

Mtoto wa kaka yangu anasoma mambo ya kompyuta Dodoma, alikuwa likizo kwetu. Akaingia kwenye mipangilio ya ruta, akacheka. Jina la kuingilia admin, paswedi admin, kama ilivyotoka kiwandani. Halafu akaacha kucheka. "Shangazi, humu kuna mtu ameshaingia." Akanionyesha sehemu inaitwa DNS. Alivyonielewesha ni kwamba ukiandika jina la tovuti, kuna karani wa kukuelekeza tovuti hiyo inakaa wapi, na mtu alikuwa amemtoa karani wa kampuni yetu akamweka wa kwake. Simu zetu zilikuwa safi kabisa. Zilikuwa zinaelekezwa njia mbaya tangu mlangoni.

Alirekebisha, akabadilisha paswedi, lakini akasema ruta yenyewe imezeeka, mtengenezaji hailetei tena masasisho ya usalama, tuitoe. Na kwa vile uani mtandao ulikuwa haufiki kabisa (kuta za matofali, na bafu liko katikati), akashauri meshi. Kwa asiyejua: ni vifaa viwili au vitatu vinavyowasiliana vyenyewe kwa vyenyewe na kutoa waifai moja yenye jina moja nyumba nzima, ukitembea simu inahama yenyewe kutoka kimoja hadi kingine. Ushauri wake ulikuwa sahihi na mpaka leo nasimama nao. Tatizo ni nilikokwenda kununua.

Kariakoo nilikuwa nimeulizia fremu tatu, kifurushi cha vipande vitatu kilikuwa kati ya laki nne na nusu na laki tano na ushee. Huyu nikamkuta Instagram anauza 280,000, na kufungiwa juu yake. Nikampigia. Jamani, kijana anajua kuongea. Akanieleza habari za Mirai, kirusi cha mwaka 2016 kilichokuwa kinaingia kwenye kamera na ruta za watu kwa kujaribu tu orodha ya paswedi za kiwandani zipatazo sitini, hadi Oktoba mwaka ule vifaa hivyo vilivyotekwa vikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani na tovuti kubwa kubwa zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. "Dada, ruta yako inaweza kuwa mojawapo." Baadaye nilikwenda kuhakiki habari hiyo, ni kweli tupu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kunitisha alinitisha kwa mambo ya kweli, uongo ukawa kwenye boksi.

Nikalipa kwa lipa namba. Jina lililotokea halikufanana na la ukurasa. "Hiyo ni ya mhasibu wetu." Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, "mashine leo inasumbua, tutakurushia." Nilisema nipite dukani kuchukua mwenyewe, akasema dukani kuna foleni, anamtuma fundi. Baadaye nimekuja kuelewa hana hata duka. Ni winga, anachukua vitu huku na kule.

Fundi alikuja na bodaboda jioni. Boksi lilikuwa limeshafunguliwa: "Nilizijaribu kwanza mama, nisije nikakusumbua." Nikaona huyu ana adabu. Nikampa simu yangu aweke programu ya kuendeshea, akakataa, akasema ataweka ya kwake kwa sababu ina "toleo la mafundi". Hapa naomba msome taratibu, maana ndipo nilipoibiwa, mengine yote ni nyongeza. Alifunga mfumo mzima kwa simu yake, kwa akaunti yake. Akaandika paswedi ya waifai kwenye kikaratasi, akabandika kwenye friji. Nikampa soda na nauli 5,000. Naam, na nauli nilimpa.

Wiki za mwanzo tulifurahi. Kurasa za kubeti zimekwisha, sebuleni mtandao unakimbia. Uani, vijiti vyote vimejaa lakini video ya mama mkwe inazunguka tu. Nikalaumu kampuni ya intaneti, nikasogeza kifaa huku na kule, nikakiweka hadi juu ya kabati la vyombo.

Mwezi wa tisa, siku ya Jumamosi asubuhi, waifai ikazimika. Kabla sijapiga simu kwa mtu yeyote ikaingia meseji: "Mteja, leseni ya mfumo wako imekwisha. Lipia 35,000 ya miezi mitatu uwashiwe." Nina biashara ya keki, oda zote zinaingia kwa WhatsApp, nikalipa bila kufikiri. Dakika mbili, ikawaka. Novemba mwanzoni, miezi mitatu haijatimia, ikazimwa tena, safari hii 50,000 kwa sababu "bei za leseni zimepanda". Ndipo nikampigia video yule mtoto Dodoma.

Alinyamaza kwanza. "Shangazi, meshi haina leseni." Kuna kampuni zinazouza huduma za ziada kwa mwezi, kama za kudhibiti watoto, lakini usipolipia hizo unakosa hizo tu, waifai haizimwi. Hapa kuna mtu aliyekuwa akibonyeza simu yake huko aliko, anazima.

Anaweza vipi? Mifumo mingi ya namna hii inamtambua mwenye nyumba kwa akaunti iliyoifunga mara ya kwanza. Mwenye akaunti hiyo anaona orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa, kipi kiko hewani saa hii na kipi kimetoka. Anabadilisha paswedi, anafungia kifaa, anazima mtandao, popote alipo mradi ana intaneti. Meseji zako za WhatsApp hazisomi kwa njia hiyo, zimefungwa zenyewe, na programu za benki vilevile, nisije nikawatia hofu kupita kiasi. Lakini yule karani niliyewaeleza, DNS, anaweza kumbadilisha. Yaani nilimfukuza mwizi aliyepitia dirishani, nikamkaribisha mwingine sebuleni na soda juu.

Tukiwa bado kwenye simu akaniambia nigeuze vile vipande nisome namba ya seriali chini. Cha kwanza, namba haikufanana na ya boksi, ni mtumba, ila angalau ni meshi kweli. Viwili vilivyobaki vilikuwa na stika iliyobandikwa juu ya stika. Nikaibandua kwa kucha. Chini yake jina la kampuni nyingine kabisa: ripita za kawaida, yaani vifaa vya kupokea waifai na kuirusha mbele, masafa ya 2.4 GHz (yale ya chini) peke yake, kasi ya Mbps 300. Maganda tu ndiyo yamefanana. Ndiyo maana mama mkwe alikuwa anateseka. Ripita yenye redio moja inapokea na kurusha kwa masafa yaleyale, haiwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, hivyo kasi inakatika karibu nusu kila inaporuka. Vijiti vinajaa kwa sababu unaisikia ripita vizuri, ila ripita yenyewe haina kitu cha kukupa.

Na lile boksi limeandikwa kubwa "5G" na ninyi mtalikuta hivyo. Msidanganyike. 5G ya simu ni jambo jingine, waifai ina masafa ya 5 GHz, ni majina tu yamekaribiana, na wauzaji hawa wanapenda sana mkorogano huo. Vivyo hivyo ukiona boksi limeandikwa AC1200 usidhani utapata Mbps 1200 kwenye simu yako. Wamejumlisha 300 za masafa ya chini na 867 za juu, wakapandisha.

Kwa mliokwisha kununua kwa watu wa aina hii: kama huna programu ya mfumo kwenye simu yako, au unayo lakini uliingizwa kama mgeni tu, nyumba si yako. Kabla ya kugusa chochote piga simu kwa kampuni yako ya intaneti uulize kama laini yako inatumia jina na paswedi ya kuunganishia, uviandike, la sivyo ukishafuta utakaa gizani. Halafu kile kifaa kikuu kina kitundu kidogo cha reseti, ingiza pini, shikilia mpaka taa ibadilike, kisha ukifunge upya kwa simu yako na barua pepe yako, na usasishe programu yake siku hiyohiyo. Changu kilikubali. Lakini ipo mifumo inayogoma hadi mwenye akaunti ya kwanza akiachie, na huo ukiuziwa mtumba umeuziwa tofali. Nusu saa baada ya kureseti nilipata meseji: "Dada umeharibu mfumo, garantii imekufa." Garantii!

Sasa hivi nina kile kimoja cha mtumba sebuleni na kingine kipya cha aina yake nilichonunua Kariakoo kwa risiti ya EFD, kimewekwa uani na kuungwa kwa waya wa mtandao wa mita 25 uliopita darini. Waya umeshinda yote. Mama mkwe anaangalia mahubiri yake bila kuzunguka.

Ukienda kununua, boksi lifunguliwe mbele yako. Linganisha seriali ya boksi, ya chini ya kifaa, na ile inayosomeka ndani ya programu. Fundi mwache apande dari, avute waya, atoboe ukuta, lakini simu ya kufungia iwe yako na paswedi uandike wewe. Akisema anahitaji akaunti yake ili "akusaidie kwa mbali", mlipe nauli aende. Mafundi waaminifu wapo wengi na hili haliwaudhi, nimeuliza wawili tangu hapo, wote wamesema wao wenyewe hawataki kubaki kwenye mifumo ya watu.

Polisi nilipewa RB, ile namba ya taarifa yangu. Askari wa zamu mwanzoni aliliona kama deni la biashara, mpaka nilipomwonyesha meseji za kuzimiwa na kuwashiwa. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo mwenye meseji kama zangu asizifute. Namba za simu alizotumia nimezipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Ukurasa wake wa sasa una picha ileile ya siku zote: mkono wenye kucha nyekundu umeshika boksi jeupe, nyuma kuna pazia la bluu. Majina anabadilisha, picha hiyo hajaibadilisha bado.