Ununue nini kwanza: vifaa vya kujengea ndani ya gari la rali la zamani, skeli 1:24

Dirisha la mlango kwenye gari la modeli la skeli 1:24, yaani dogo mara 24 kuliko la kweli, lina urefu wa sentimita tatu hivi. Pesa zako zitaonekana au zitapotelea ndani ya tundu hilo. Mtu akiinamia gari lako mezani, jicho lake linakwenda kwanza kwenye siti na mikanda, halafu usukani, halafu dashibodi. Sakafu ataiona akiitafuta. Pedeli hazioni mpaka awashe tochi. Nimepanga vifaa hivi zaidi kwa kufuata jicho hilo kuliko bei au sifa za kwenye boksi.

Gari nitakalolitolea mfano ni Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11, ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia Safari Rally ya 1971. Hasegawa ya Japani imelitoa kwa skeli hiyo, likiwa seti ya vipande vya plastiki vya kuunganisha ndani ya boksi. Mengi ya humu yatafaa pia kwa Ford Escort RS1600, ambayo Belkits, watengenezaji wengine wa modeli, wanaiuza katika sura ya gari la Timo Mäkinen la RAC Rally ya Uingereza ya 1973. Escort ya aina hiyo ndiyo iliyowapa Hannu Mikkola na Gunnar Palm ushindi wa Safari ya 1972, mara ya kwanza kwa watu wa kutoka nje ya Afrika Mashariki kuichukua.

Kabla ya kufungua pochi, ujue mwaka wa gari lako. Hapa ndipo wengi wanapoliwa pesa. Vifaa vingi vya kupamba ndani vilivyoko sokoni vimetengenezwa kwa ajili ya magari ya miaka ya themanini na kuendelea, na muuzaji hatakuambia. Sparco ilianzishwa 1977, kwa hiyo siti yenye nembo hiyo ndani ya Datsun ya 1971 ni kichekesho hata ikiwa imechongwa vizuri namna gani. Vivyo hivyo keji nzito ya mabomba ya kumlinda dereva gari likipinduka, inayopita mlangoni na kuvuka paa: magari ya wakati ule mara nyingi yalikuwa na upinde mmoja nyuma ya siti na miguu miwili ya kuuegemeza, basi. Ukirudi nyuma zaidi mambo yanazidi kuwa mepesi. Volvo PV544 ya Joginder Singh na nduguye Jaswant, washindi wa 1965, ni gari la familia ambalo Volvo walianza kulifunga mkanda wa pointi tatu (unaoshikizwa sehemu tatu) tangu 1959, kazi ya mhandisi wao Nils Bohlin. Ukijenga gari kama hilo, usikimbilie mkanda wa pointi sita wa Formula One.

Tafuta picha za gari lenyewe, angalau tatu, na uhakikishe zinaonyesha usukani uko upande gani. Timu za viwanda zilikuwa na magari ya usukani wa kushoto na ya kulia pia, na seti iliyotengenezewa barabara za Japani haitakuuliza.

1. Mabamba na vijiti vya stairini

Hiki ndicho cha kwanza, na pengo kati yake na cha pili ni kubwa. Stairini ni plastiki nyeupe ileile ambayo gari lenyewe limetengenezwa nayo, kwa hiyo gundi ya modeli inaviyeyusha vyote viwili na kuvifanya kitu kimoja. Evergreen ya Marekani na Plastruct ndio majina utakayokutana nayo zaidi. Tamiya nao wana mabamba yao.

Chukua unene wa aina mbili tu kwa kuanzia: milimita 0.25 na milimita 0.5. Piga hesabu ujue kwa nini. Katika skeli hii milimita moja ni milimita 24 za gari la kweli. Bamba la 0.5 ni ubao wa milimita 12, na hilo linafaa kwa sakafu na ukuta wa nyuma ya siti. La 0.25 ni milimita 6, la kufunikia milango. Kwenye magari ya rali kifuniko cha mlango wakati mwingine kilikuwa bati tupu au kadibodi ngumu iliyopigwa skrubu, na bamba jembamba linakupa ukingo mkali ambao plastiki ya gari iliyokuja kwenye boksi, yenye unene wa milimita moja, haiwezi kukupa. Huo ukingo ndio unaotofautisha gari lililojengwa na gari lililounganishwa.

Ongeza pakiti moja ya vijiti vya mviringo vya milimita 1.6 kwa ajili ya upinde wa nyuma. Bomba la kweli la milimita 38 likigawanywa kwa 24 linakupa 1.58, hautapata karibu zaidi ya hapo. Kijiti hukikunji kikavu: kizungushe kwenye chupa yenye mduara unaoutaka, kifunge kwa utepe, mwagia maji ya moto, kisha maji baridi.

Kama hakuna duka la modeli mjini kwako na posta inakutoza zaidi ya bei ya bidhaa, geuza kikombe cha mtindi utazame kitako chake. Ndani ya pembetatu kukiwa na namba 6, hiyo ni stairini, kata uitumie. Namba 5 iache, gundi haiishiki. Ukuta wa kikombe una mpindo, kwa hiyo kinafaa kwa vipande vidogo tu, usijaribu sakafu.

2. Mikanda

Mkanda mmoja uliolala vizuri kwenye siti unaficha dhambi nyingi za fundi. Kuna njia tatu za kununua.

Ya kwanza ni mikanda ya kitambaa pamoja na vifungo vya bamba la chuma lililochongwa kwa tindikali. Ndiyo ninayoipendekeza. Kitambaa kina nyuzi zinazoonekana, na kifungo cha chuma kina tundu la kweli unalopitisha mkanda. Upana ndio wa kuangalia: mkanda wa inchi tatu unakuja milimita 3.2, wa inchi mbili milimita 2.1. Muuzaji akiandika tu kwamba ni "mikanda ya mbio" bila upana, mpite. Kitambaa kina tabia ya kusimama wima kama kamba mpya. Kiloweshe kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, kilaze kwenye siti, na ukikandamize kwa kijiti cha meno pale ambapo uzito wa kifungo ungekivuta chini: kwenye ukingo wa mbele wa siti, na pale bega linapokunja. Kikikauka hakirudi nyuma.

Njia ya pili ni seti ambayo mkanda nao ni wa chuma kilichochongwa. Mimi siinunui. Chuma kinakunjika kwa pembe, na mkanda hauna pembe. Rangi nayo hupasuka pale ulipokunja.

Ya tatu ni bure kabisa: karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Ikate vipande vya upana unaohitaji, paka rangi, kunja. Inalala vizuri kuliko chuma cha kununua, ila itakubidi ununue vifungo peke yake au uvichonge kwa waya mwembamba.

3. Stika za maji za geji

Dashibodi ya boksi huwa na geji (saa za mwendo, mafuta na nyinginezo) zilizochongwa juujuu, na ukipaka rangi nyeupe kwa brashi kwenye tarakimu za ukubwa huo utapata ukungu. Karatasi moja ya stika za geji, zile unazoziloweka majini ndipo uzibandike, inatosha magari kadhaa. Geji ya kweli ya milimita 80 inakuwa milimita 3.3, kwa hiyo chagua karatasi yenye saizi tofauti, usichukue yenye saizi moja iliyorudiwa.

Ipe geji kioo chake kwa tone la gundi nyeupe inayokauka ikawa angavu, au Kristal Klear ya Microscale, ambayo ni jamaa yake. Rangi ya kucha isiyo na rangi iache kwenye meza ya kujirembea: kimiminika chake kinakula wino wa stika.

Upande wa msoma ramani kuna kifaa ambacho seti nyingi hukisahau, nacho ndicho kinachofanya gari liwe la rali na si la barabarani: Halda, mashine ya Kiswidi ya kupimia umbali. Twinmaster ilikuwa na mistari miwili ya tarakimu, mmoja wa jumla na mmoja wa kipande cha njia. Usitafute ya kununua. Kata kisanduku cha stairini, kipake rangi nyeusi isiyong'aa, bandika tarakimu mbili kutoka kwenye mabaki ya stika, kiweke mbele ya siti ya abiria. Robo saa, na kila anayeijua Safari atakiona.

4. Gundi

Ningeiweka ya kwanza kama si kwamba kila mtu huinunua hata bila kuambiwa. Ya stairini kwa stairini ni ile nyembamba kama maji, mfano Tamiya Extra Thin yenye kifuniko cha kijani: unashikisha vipande vikiwa vikavu, unagusa kiungo kwa ncha ya brashi, nayo inajipenyeza yenyewe. Fungua dirisha unapoitumia. Inashika moto, na ndiyo maana wauzaji wengi wa nje hukataa kuituma kwa ndege. Ukipata mtu anayesafiri, hata yeye haruhusiwi kuibeba, kwa hiyo ulizia kwanza kwa wauzaji waliomo nchini.

Supa gluu ya dukani inafaa kwa chuma. Iweke mbali na vioo: mvuke wake huacha ukungu mweupe ambao hautoki, na ukishafunga bodi huna njia ya kuingia tena. Vioo ni vya gundi nyeupe.

5. Waya wa lehemu

Nenda kwa fundi redio umwombe akukatie mita moja ya milimita 0.8 na nyingine ya milimita 1. Lehemu inakunjika kwa vidole bila kuvunjika wala kufanya kona, kwa hiyo ni mabomba ya breki yanayopita sakafuni, shina la taa ya kusomea ramani, mpini wa breki ya mkono. Haibebi uzito, usiitumie kwa upinde wa nyuma. Nyingi ina risasi ndani yake, nawa mikono kabla ya kula. Kwa nyaya nyembamba zaidi, vunja waya wa simu za masikioni zilizokufa.

6. Putti ya epoksi

Milliput au ya Tamiya, sehemu mbili unazikanda pamoja. Kazi yake kwenye gari hili ni moja: kunenepesha mito ya siti. Siti za boksi mara nyingi ni bapa kama benchi la kanisani. Weka tabaka jembamba, kandamiza mshono kwa mgongo wa kisu kabla halijakauka, na siti inaonekana imekaliwa. Kama siti za boksi lako ni nzuri, usinunue.

7. Unga wa zulia

Ni nyuzi fupi sana unazozinyunyizia juu ya gundi au rangi mbichi zikawa kama kapeti. Zinapendeza kwenye gari la maonyesho. Kwenye gari la Safari nina shaka nazo: nyuzi za nusu milimita ni manyoya ya milimita 12, na hakuna timu iliyoweka zulia la sebuleni katika gari linalokwenda kupita tope la Uganda na vumbi la nyika ya Taru kule Kenya. Mpira mweusi unatosha. Badala ya unga huu nunua chaki za rangi dukani kwa vifaa vya shule, kahawia na nyekundu ya murram, zisage kwenye msasa, na upake kwa brashi kavu chini ya pedeli, kwenye kizingiti cha mlango, na kwenye mikunjo ya siti. Mahali ambapo kiatu kinasugua, futa kidogo.

8. Siti zilizochapwa kwa printa ya 3D, na seti kamili za rezini

Ziko mwisho kwa sababu mbili. Bei ya seti kamili mara nyingi inakaribia bei ya gari lenyewe, na wewe ulitaka kujenga. Ubaya wa pili ni ule wa mwaka: siti zinazouzwa kwa wingi ni za kisasa, zenye mabawa ya kuzuia kichwa, ambazo mwaka 1971 hazikuwemo ndani ya Datsun. Ukipata muuzaji aliyechapa siti ya gari lako hasa, mwombe picha ya siti yenyewe ikiwa na praima, rangi ya kwanza ya chini, juu yake. Picha ya kompyuta haina mistari ya printa. Praima ya kijivu huionyesha yote. Akikosa kukutumia, hela hiyo itakupa mabamba, mikanda na stika za magari mawili.