Tahadhari kwa wenye magari ya zamani: oili chafu inauzwa upya kwa jina la "oili maalumu"

Ninawaandikia wenzangu wanaoendesha magari ya miaka ya tisini na kurudi nyuma, hasa wa Dar es Salaam wanaonunua oili Kariakoo na mitaa ya jirani, kwa sababu yupo muuzaji anayetulenga sisi kwa makusudi. Anachouza ni oili iliyokwisha kutumika katika injini za watu wengine, ikachujwa kijuujuu na kutiwa katika galoni za kampuni zinazojulikana, kisha akaipa jina la "oili maalumu ya magari ya zamani". Jina la duka silitaji, kwa kuwa malalamiko yangu yamekwisha kufikishwa panapohusika, lakini maneno anayouzia nitayaeleza kwa kirefu, maana humo ndimo ulimo mtego.

Gari langu ni Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1994, yenye injini ya 5A-FE. Nilikwenda kununua galoni ya lita 4 ya oili nzito, ile ya 20W-50, kama nilivyozoea, na kabla sijamaliza kuuliza bei, kijana wa dukani aliniuliza gari ni la mwaka gani. Nilipomjibu, alirudisha rafuni galoni niliyoitaka na kunitolea nyingine kutoka chini ya meza, akasema kwamba siku hizi kuna agizo la serikali kuwa magari yaliyozidi miaka kumi na mitano yasitumie oili za kisasa, na kwamba oili hizo zimeondolewa zinki, kwa hiyo zinasaga injini za zamani. Hii yake, alisema, ina zinki ya kutosha. Bei ilikuwa shilingi 28,000, wakati ile niliyoikusudia ilikuwa 45,000. Nakiri kwamba bei ilinilainisha kuliko hoja.

Agizo hilo halipo. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 imeiweka biashara ya vilainishi chini ya usimamizi wa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, ndilo linaloangalia ubora wa bidhaa inayotengenezwa nchini na ile inayoingizwa. Yote hayo yanamhusu anayetengeneza, anayeingiza na anayeuza, wala hayamchagulii mwenye Corolla ya mwaka 1994 oili ya kutia. Anayekutajia sheria ili ununue bidhaa yake, mwombe akuonyeshe imeandikwa wapi.

Kati ya hoja zake, ya zinki ndiyo iliyonikamata, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Oili ya injini hutiwa kiambato chenye zinki na fosforasi ili kulinda vyuma vinavyosuguana kwa nguvu, kama vile kamshafti na tapeti, yaani vyuma vinavyofungua na kufunga valvu. Fosforasi hiyo ikiungua huharibu kifaa cha kusafisha moshi kilichomo katika bomba la eksozi, na kwa sababu hiyo viwango vya Marekani viliipunguza, hadi kufikia ukomo wa asilimia 0.08 tangu daraja la ubora liitwalo SM, lililoanza mwaka 2004. Asichokisema muuzaji ni kwamba ukomo huo unazihusu oili nyepesi, kama 5W-30 na 10W-30. Oili nzito za 15W-40 na 20W-50, ambazo wengi wetu tunazitumia kwa sababu ya joto na uchakavu wa injini, hazimo. Aidha, wanaopaswa kulifikiria sana jambo hili ni wenye injini za miaka ya sitini na sabini zenye tapeti bapa na springi ngumu za valvu, na hata hao dawa yao haiwezi kuwa oili iliyokwisha kupikwa katika injini nyingine, kwa kuwa kiambato hicho huliwa kadiri oili inavyotumika. Kwa maneno mengine, zinki aliyokuwa akiniuzia ilikwisha kutumiwa na mtu mwingine.

Wiki ya tatu tangu niitie kwenye gari, baada ya kilomita mia tisa hivi, taa nyekundu ya oili ilianza kumweka nikiwa nimesimama kwenye foleni, injini ikiwa ya moto, na ikawa inazimika nikikanyaga mafuta kidogo. Asubuhi injini ilikuwa inagonga kwa sauti ya kama cherehani kwa dakika moja au mbili. Nilipima kwa kijiti, oili ilikuwa kwenye alama ya juu. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya na kuendelea na safari, ilhali taa ile haipimi wingi, inapima presha, na oili inaweza kujaa tele na presha isiwepo kwa kuwa imekuwa nyepesi mno. Nilizima gari na kuliburuza hadi gereji.

Fundi alipofungua nati ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, oili ilichuruzika kama chai, ikinuka petroli na kuungua kwa pamoja. Hakusema neno, aliniuliza tu kama galoni bado ninayo. Kwa bahati injini ile huchukua lita tatu na kidogo, kwa hiyo nyumbani palikuwa na kiasi ambacho hakijaingia kwenye gari hata tone, na hicho ndicho kilichomaliza ubishi. Tulidondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na jingine la oili mpya kutoka galoni ya fundi. Baada ya saa moja, la kwake lilikuwa limetawanyika likawa doa la rangi moja ya asali hadi ukingoni. La kwangu lilikuwa na kitovu cheusi, na kukizunguka kulikuwa na pete ya kijivu. Weusi ule ni masizi, na masizi hayawezi kuwemo katika oili ambayo haijawahi kuingia katika injini. Tulipolaza galoni usiku kucha na kumimina polepole asubuhi, chini palibaki tope jembamba kama machicha ya kahawa.

Naomba jambo hili lisichanganywe na lile la oili kuwa nyeusi mapema baada ya kutiwa kwenye gari. Katika injini ya zamani, oili nzuri husafisha uchafu uliolala humo kwa miaka na inaweza kubadilika rangi ndani ya siku chache, na katika injini ya dizeli hubadilika haraka zaidi. Kipimo cha karatasi kina maana kwa oili iliyobaki kwenye galoni tu.

Nilipoikagua galoni yenyewe kwa macho ya mtu aliyekwisha kuibiwa, niliona ambayo ningeyaona dukani kama ningetulia. Karatasi ya fedha chini ya kifuniko ilikuwa imebandikwa kwa gundi iliyomwagikia kwenye nyuzi za shingo. Nambari ya toleo iliyopigwa kwenye galoni haikulingana na ile ya lebo. Zaidi ya yote, lebo ya mbele ilisema daraja la API SN, na ya nyuma, kwa herufi ndogo, ilisema SF. Taasisi ya Petroli ya Marekani, ndiyo hiyo API, imeeleza wazi kwamba SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988, na SA, ambayo bado huonekana kwenye baadhi ya makopo ya bei ya chini, haifai kwa nyingi za baada ya mwaka 1930. Herufi ya pili inavyosogea mbele, ndivyo daraja linavyokuwa jipya, na kwa magari ya petroli jipya hufaa pale lililotakiwa la zamani. Gari la mwaka 1994 kama langu linatosheka na SJ, SL au SN. Vitabu vya magari yetu mara nyingi ni vya Kijapani na hatuvisomi, lakini tarakimu za 10W-30 na herufi za daraja zinasomeka katika lugha yoyote.

Nilirudi dukani. Nilijibiwa kwamba galoni ikishafunguliwa haipokelewi, na kwamba stakabadhi niliyonayo, iliyoandikwa kwa mkono, haina jina la duka. Ni kweli, haina. Sikudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, siku ile kwa kuwa bei ilikuwa nzuri, na hilo ni kosa langu. Aliyekumbwa kama mimi asimwage kilichobaki: atie nusu lita katika chupa safi, ahifadhi galoni na kifuniko chake, apige picha za lebo zote mbili, kisha apeleke malalamiko EWURA na TBS, na ikiwa alama ya kampuni imeghushiwa, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia.

Kuhusu galoni hizo zinakotoka, fundi alinionyesha kona ya gereji ambako huwa zinarundikwa zikiwa nzima na vifuniko vyake, na watu huja kuzinunua kwa mia mbili au mia tatu. Yeye sasa huzitoboa kwa bisibisi mbele ya mteja. Oili chafu nayo inanunuliwa, na wengi wanaoinunua ni watu wa mbao na wajenzi wasio na nia mbaya, lakini pipa likishaondoka huwezi kujua limeishia kwenye mbao au kwenye kopo lenye jina la kampuni.

Injini yangu imesalimika, ingawa kugonga kwa asubuhi hakujaisha kabisa na fundi anashuku beringi. Muuzaji yule sasa anatumia pia makundi ya WhatsApp ya wenye magari na hupeleka mzigo kwa bodaboda. Ujumbe wake huanza kwa kuuliza: "Gari yako ya mwaka gani, kaka?"